Kuhifadhi injini ya boti ziwa likifungwa: je, maelekezo ya majira ya baridi ya Ulaya yanatufaa Kigoma?

MwenyeChombo_Kibirizi ameuliza:

Mafundi na wenye vyombo wenzangu, salamu kutoka Kibirizi.

Zamani injini zetu hazikuwa zikikaa muda mrefu bila kazi. Zilipumzika siku chache za mbalamwezi, wakati dagaa hawafuati taa, kisha zikarudi majini. Tangu mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, hali imekuwa nyingine. Injini ya boti la dagaa inakaa miezi mitatu mizima, na siku ziwa linapofunguliwa unaona pale mwaloni watu wamejipanga wanavuta kamba hadi mabega yanauma, huku mafundi wakikimbizwa kutoka chombo kimoja hadi kingine.

Nina injini mbili. Kubwa ni Yamaha ya farasi 40, ile inayotumia petroli iliyochanganywa na oili, na ndogo ni ya farasi 15 ya mipigo minne, yenye oili yake yenyewe, ambayo huifunga kwenye mtumbwi wa kupeleka mafuta na chakula kwa vijana walioko ziwani. Mpwa wangu anayeishi Uswidi amenitumia maelekezo ambayo wenzetu wa kule hufuata kabla ya majira ya baridi. Yanasema injini itiwe dawa ya kuzuia maji yasigande, mafuta yatiwe dawa ya kuyatunza, silinda zipuliziwe oili, oili ya gia ibadilishwe, kisha chombo kizima kifungwe kwa plastiki. Wenzangu hapa mwaloni wanasema hayo yote ni kujisumbua, kwamba inatosha kuitumbukiza injini kwenye pipa la maji kila wiki na kuiwasha kwa dakika chache.

Naomba anayejua anifafanulie ni lipi kati ya hayo linatuhusu sisi ambao hatujawahi kuona barafu ziwani, na lipi niliache. Naomba pia sababu, kwa kuwa vijana wangu hawafuati jambo wasiloelezwa sababu yake, na siwalaumu.

---

FundiMashine_Ujiji amejibu:

Ndugu MwenyeChombo, maelekezo ya mpwa wako ni sahihi kwa mahali yalikoandikwa, na sehemu yake kubwa inatufaa hata sisi. Tofauti ni adui. Kule wanapambana kwanza na barafu. Sisi tunapambana na petroli iliyolala pamoja na unyevu uliobaki ndani ya chuma. Nitaanza na petroli, kwa sababu injini nyingi zinazoletwa kwangu mwezi wa Agosti hazina ugonjwa mwingine ila huo.

Petroli ni mkusanyiko wa vimiminika vingi, na vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyoisaidia injini kuwaka ikiwa bado ya baridi, ndivyo vinavyotangulia kuruka hewani. Kinachobaki hukutana na oksijeni na kugeuka polepole kuwa utomvu wa rangi ya kahawia unaonata ndani ya kabureta. Jeti ya kabureta ni tundu lisilofika hata milimita 2, na ile ya mwendo wa taratibu ni nyembamba zaidi, kwa hiyo utomvu kidogo tu unatosha kuiziba. Katika injini yako ya farasi 40 kuna tatizo la ziada: petroli ikiruka, oili iliyochanganywa nayo hairuki. Inabaki chini ya bakuli la kabureta ikiwa nzito, na siku utakapovuta kamba ndiyo itakayotangulia kunyonywa, ikalowanisha plagi kabla injini haijawaka.

Kwa hiyo usihifadhi injini yenye mafuta ndani yake. Usiku wa mwisho wa kuvua, pima mafuta unayochanganya yasizidi safari iliyobaki. Ukisharudi, weka injini kwenye pipa lenye maji yanayopita juu ya matundu ya kunyonyea maji, iache izunguke taratibu hadi ipate moto, kisha chomoa mpira wa mafuta uiache imalizie kilichomo kwenye kabureta. Hapo kuna tahadhari. Injini ya kuchanganya oili hupata ulainisho wake kutoka kwenye petroli, na petroli inapokwisha na ulainisho unakwisha. Ndiyo maana haifai kuikazia gesi wakati wa kumalizia mafuta, na ndiyo maana wenzetu hupulizia oili kwenye mdomo wa kabureta wakati huohuo hadi injini itoe moshi mzito na kuzima yenyewe. Ikishazima, usidhani bakuli limekauka. Fungua skrubu iliyo chini ya bakuli, kinga kwa kopo, na utaona kilichobaki kikitoka.

Sasa silinda. Kama hukupata oili ya kupulizia, fungua plagi, tia kijiko kimoja cha chai cha oili safi ya 2T, yaani ile ya kuchanganya na petroli, katika kila silinda, kisha uvute kamba polepole mara kadhaa ili oili ienee kwenye kuta na ringi. Kabla ya kuvuta, chomoa ile kamba ya usalama inayozima injini, kwa maana kuzungusha injini huku nyaya za plagi zikining'inia bila kugusa chuma kunaweza kuharibu kifaa cha umeme kinachozalisha cheche, na bei ya kifaa hicho unaijua. Baada ya hapo rudisha plagi. Beringi za krankshafti, ile shafti inayozungushwa na pistoni, katika injini ya aina hii hazikai ndani ya oili kama zile za gari. Zinategemea utando mwembamba ulioachwa na mafuta yaliyopita. Utando huo ukipungua na unyevu ukaingia, kutu huanza hapohapo, na beringi yenye kutu huiona siku injini ikiwa imeshapelekwa kasi ya juu katikati ya ziwa.

Wasioamini kazi ya oili na grisi katika kuhifadhi injini wana mfano wao palepale bandarini Kigoma. Meli tunayoiita Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, ili isiangukie mikononi mwa maadui zao, lakini mafundi waliipaka mitambo yake grisi kabla ya kuizamisha. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta mitambo na boila bado zinaweza kutumika, na mwaka 1927 ikaanza tena kubeba abiria. Ikiwa grisi iliweza kuhimili miaka chini ya maji, miezi mitatu bandani si kitu.

Oili ya gia ibadilishwe sasa, usingoje Agosti. Fungua skrubu ya chini, kisha ya juu ili hewa iingie, na uangalie rangi ya kinachotoka. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamepita kwenye sili, ule mpira wa kuzuia maji yasiingie penye shafti, na ukiyaacha humo yatatuama chini yakila meno ya gia muda wote injini imesimama. Unapojaza, jaza kutoka tundu la chini hadi oili itokeze juu bila mapovu, funga skrubu ya juu kwanza, ndipo uondoe pampu na kufunga ya chini. Tumia oili ya gia ya namba 90, na gasketi ndogo za skrubu ziwe mpya. Kabla ya hayo yote, vua pangaboi. Sisi tunavua kwa nyavu, na nyuzi za nyavu hujizungusha kwenye shafti nyuma ya pangaboi, zikajisaga hadi zikaikata sili bila mtu kujua. Ukikuta uzi, uondoe wote, safisha shafti, paka grisi isiyosombwa na maji, rudisha.

Injini ndogo ya mipigo minne inafuata mambo hayohayo, isipokuwa oili yake ya ndani ibadilishwe kabla ya kuhifadhi na si baada, kwa sababu oili iliyotumika huwa na asidi na unyevu unaotokana na kuungua kwa mafuta.

Kuhusu mkao, injini isimame wima kwenye stendi ya mbao, mkia, yaani sehemu yenye gia na pangaboi, ukiwa chini, ili maji yote yatoke yenyewe. Ikilazimu kuilaza, sehemu ya silinda iwe juu kuliko pangaboi wakati wote, ama sivyo maji yaliyobaki kwenye mkia yatateremka kupitia njia ya moshi hadi ndani ya silinda. Ya mipigo minne ina upande wake maalumu wa kulalia, uliochorwa kwenye kitabu chake, na ukiilaza upande mwingine oili itahamia mahali pasipo pake.

---

MwanaKasulu_Ufini amejibu:

Ndugu zangu wa nyumbani, nami nichangie kidogo, kwa kuwa ninaishi Ufini, ambako maziwa huganda hadi watu wakatembea juu yake, na kazi hii tunaifanya kila vuli.

Dawa ya kuzuia kuganda usiinunue. Maji yakigeuka barafu huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, na yakiwa yamefungiwa ndani ya chuma hayaoni haya kukipasua. Wenye injini zinazokaa ndani ya chombo, ambazo njia zake za maji hazijimwagi zenyewe, ndio wanaolazimika kuzijaza dawa hiyo. Injini ya kufunga nyuma ya boti, kama zenu, ikisimamishwa wima hujimwaga maji yake yote kupitia mkia, kwa hiyo hata huku wengi hatuitii chochote. Tunachokiogopa zaidi ni maji yaliyojificha kwenye oili ya gia, yale aliyoyaeleza fundi, kwani kwa baridi ya huku hupasua nyumba ya gia yenyewe.

Dawa ya kutunza petroli nayo ina historia yake. Katika nchi ambako petroli huuzwa ikiwa imechanganywa na ethanoli, kama Marekani ambako kiwango cha asilimia 10 ni cha kawaida, ethanoli huvuta unyevu wa hewani, na ikishavuta wa kutosha hujitenga na petroli na kuzama chini ya tangi pamoja na maji. Wenye matangi makubwa yaliyojengewa ndani ya chombo hawawezi kuyamwaga kirahisi, hivyo huyajaza karibu kufika juu na kutia dawa. Mwenye tangi la kubeba mkononi hana sababu ya kufanya hivyo, anamwaga tu.

Ile plastiki ni ya kuzuia theluji isijilundike. Huku kwenyewe huwekwa na matundu ya kupitisha hewa, maana bila hewa unyevu hubaki ndani. Mkiiga plastiki bila matundu katika joto la Kigoma, jua la mchana litauinua unyevu na usiku utarudi kama matone juu ya injini. Turubai la pamba au gunia safi, chini ya paa, linatosha.

---

MamaVyombo_Katonga amejibu:

Fundi, shikamoo. Nimekusoma kwa makini na mengi nayakubali, lakini hili la kuiacha injini miezi mitatu bila kuisikia sauti linanipa shaka. Mimi huwaambia vijana waziwashe kwenye pipa kila Jumamosi asubuhi nikiwa nimesimama hapo. Faida ya kwanza ni kwamba ninajua injini ni nzima na ni yangu. Tusijifanye hatujui kwamba katika miezi hii ya njaa mwaloni, kabureta na koili hutembea usiku, na mtu anaweza kukuachia kifuniko juu ya injini tupu. Faida ya pili ni kwamba kitu kinachozunguka hakishiki kutu. Faida ya tatu, vijana wanabaki na mazoea ya kazi.

Halafu kuna jambo la gharama. Oili ya gia, gasketi, plagi mpya, grisi, vyote vinanunuliwa wakati ambao boti haliingizi hata shilingi. Mwenye chombo kimoja anafikiria kwanza ada ya watoto.

---

FundiMashine_Ujiji amejibu:

Marahaba, mama. Kuhusu wizi siwezi kubishana nawe, na ningekushauri injini ziondoke kabisa mwaloni zikakae nyumbani. Ukaguzi wa kila Jumamosi ni mzuri. Kinachonisumbua ni kule kuwasha.

Petroli inapoungua hutoa mvuke wa maji. Injini iliyopata moto wake kamili huutoa mvuke huo nje, lakini injini iliyowashwa dakika tatu kwenye pipa la maji baridi haijapata moto, kwa hiyo mvuke unageuka matone ndani ya silinda na ndani ya njia ya moshi, na hapo ndipo unapoizima na kuiacha wiki nzima. Wakati huohuo umeshajaza kabureta mafuta mapya ambayo yataanza kuruka upya. Zaidi ya hayo, maji ya pipa ni yaleyale yanayozunguka. Yanachafuka kwa oili, yanapata joto, na pangaboi likiachwa linayarusha hadi yanapungua chini ya tundu la kunyonyea. Impela ya pampu ya maji ni ya mpira na hulainishwa na maji hayo tu. Ikizunguka kavu, hata kwa muda mfupi sana, mabawa yake yanaungua, na utaligundua hilo siku injini itakapokataa kukojoa, yaani kutoa maji ya kupozea, ukiwa mbali na nchi kavu.

Kwa hiyo ni mawili. Ama uihifadhi kavu kama nilivyoeleza na usiiwashe kabisa, ama uiwashe kwa ukamilifu: dakika 15 au 20, nje penye hewa kwa kuwa moshi wake ni sumu, maji yakiongezwa, pangaboi likiwa limevuliwa, na kila mara umalizie kwa kukausha kabureta. Ukipiga hesabu ya petroli na oili kwa Jumamosi zote hizo, utaona gharama ya oili ya gia na gasketi si kubwa kama ilivyoonekana. Na kama shida ni kutaka kitu kizunguke, vuta kamba taratibu kwa mkono mara moja kila baada ya wiki mbili, plagi zikiwa mahali pake na kamba ya usalama ikiwa imechomolewa. Impela itabadilisha mkao wa mabawa yake yasijikunje upande mmoja, na oili ya silinda itasambaa upya.

---

MamaVyombo_Katonga amejibu:

Ile ya farasi 40 nitaikausha kama unavyosema. Ile ya mipigo minne nitaendelea kuiwasha, ila kwa dakika hizo 20, kwa sababu mwanangu anaitumia kuvusha abiria na siwezi kujua ni lini ataitwa. Kufungwa ni kwa uvuvi, safari zinaendelea.

---

MwenyeChombo_Kibirizi amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimefungua gia ya injini kubwa leo asubuhi, na oili iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, hasa ile ya kwanza. Je, nikijaza mpya inatosha, au nipeleke kwa fundi sasa? Jambo jingine, vile vipande vya chuma cheupe vilivyo kwenye mkia, ambavyo tunaambiwa vinazuia kutu, vyangu havijapungua hata kidogo tangu niviweke. Nimevichukulia kuwa ni dalili njema.

---

FundiMashine_Ujiji amejibu:

Maji yamo, na usijaze ukanyamaza. Iliyotangulia kutoka ndiyo iliyobeba maji, kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili na hutuama chini. Tazama kwanza gasketi za skrubu, kwani mara nyingine kosa ni dogo kiasi hicho, kisha vua pangaboi uangalie sili ya shafti. Ukikuta uzi wa nyavu umejisokota hapo, usitafute sababu nyingine. Miezi hii mitatu ndiyo nafasi yako ya kuagiza sili na kuibadilisha bila haraka. Fundi mzuri ataipima nyumba ya gia kwa hewa yenye shinikizo dogo kabla ya kujaza oili, na wewe usimame uone. Ikiwa sili haitapatikana mapema, jaza oili mpya kwa sasa hata kama utaimwaga tena, ili gia zisikae ndani ya maji.

Hivyo vipande havikupaswa kubaki vilivyo. Kazi yake ni kuliwa badala ya mkia wa injini. Kama havijaliwa, kuna uwezekano ni vya zinki, ambayo imekusudiwa maji ya chumvi ya bahari. Katika maji baridi ya ziwa zinki hujifunika gamba na kuacha kufanya kazi. Tafuta vya alumini, ambavyo hufanya kazi bahari na ziwa, au vya magnesi kwa maji baridi pekee. Usivipake rangi kamwe, na uikwangue rangi mahali vinapokutana na chuma cha injini, kwa sababu bila kugusana chuma kwa chuma havina faida. Maji ya Tanganyika yana alikali kiasi, na ukaushaji wake huacha ukoko mweupe kwenye njia za kupozea, kwa hiyo unapoiwasha kwenye pipa mara ya mwisho tumia maji ya mvua au ya bomba.

---

MzeeWaReli_Tabora amejibu:

Nimeona fundi ameshauri injini ziondoke mwaloni, nami nina la kusema hapo, kwa kuwa mdogo wangu ana chombo upande wa Ilagala, na injini zake hulala kwangu Tabora ziwa linapofungwa.

Kwanza ni safari. Injini ikilazwa kwenye gari juu ya magunia, barabara nzima inarukaruka, na mkia huishia juu kuliko silinda. Tengenezeni fremu ya mbao, ifungwe wima kama ilivyo nyuma ya boti, na kabureta ziwe zimekaushwa kabla ya safari. Tangi la mafuta lisafiri tupu, kifuniko kikiwa kimefungwa pamoja na tundu lake la hewa.

Pili ni mahali pa kuiweka. Huku kwetu Juni na Julai usiku hushuka hadi karibu nyuzi 15 na mchana jua linakuwa kali, na vumbi ndiyo usiseme. Mabadiliko hayo ya joto huweka umande juu ya chuma alfajiri. Kwa hiyo injini isikae chini ya mwembe wala ukutani nje. Ikae chumba chenye paa na hewa. Kuna wageni wawili wa kuwazuia. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanapenda sana matundu madogo, na lile tundu linalotoa maji ya kupozea ni nyumba waliyojengewa; lizibeni kwa kitambaa chenye rangi kali kinachoning'inia ili siku ya kuwasha kionekane. Panya nao hutafuna maganda ya nyaya chini ya kifuniko. Mimi huacha kifuniko kimefunguliwa kidogo kwa ajili ya hewa, ila nimezungushia wavu wa chuma.

Tatu, na hili nawasihi, petroli msiiweke ndani ya nyumba ya kulala wala karibu na jiko la mkaa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi unapokutana na moto, na dumu la plastiki lililovimba kwa joto halitoi onyo jingine.

Betri za taa zisisahauliwe. Betri ya asidi inayoachwa ikiwa nusu hutengeneza ukoko wa salfati kwenye bamba zake na haipokei tena chaji vizuri. Ichajiwe ijae, ikipimwa baada ya kutulia isome karibu volti 12.6 au zaidi, waya zake zitolewe, na kila mwezi irudishwe kwenye sola kidogo. Ikishuka chini ya 12.4 usingoje mwezi uishe.

---

MwenyeChombo_Kibirizi amejibu:

Mzee wangu, shikamoo, na asante. Nimebakiwa na dumu moja la petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili. Naweza kuitumia kwenye pikipiki au jenereta?

---

FundiMashine_Ujiji amejibu:

Pikipiki nyingi za siku hizi na jenereta za kawaida ni za mipigo minne, na mafuta yenye oili yatazitilia moshi na kuchafua plagi. Mtafute mwenye msumeno wa kukatia mbao unaotumia mafuta ya kuchanganya, umuuzie sasa yangali mapya, mkubaliane kwanza kama kiwango chake ni kimoja na chako. Chako kikiwa cha 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20, misumeno mingi itayakubali.

Agosti ikifika, anza na petroli ya siku hiyohiyo. Fungua plagi, vuta kamba mara kadhaa ili oili ya ziada itoke, futa au weka plagi mpya, na uhakikishe kile kitambaa cha nyigu kimetolewa. Iwashe kwenye pipa kwanza, nje ya nyumba. Itatoa moshi mwingi wa bluu kwa dakika za mwanzo, nao ni ile oili ya silinda inayoungua; usiiongezee gesi ili kuuondoa. Angalia maji yanatoka kwenye tundu la kupozea ndani ya dakika ya kwanza, na kama hayatoki, zima. Usiku wa kwanza beba plagi za akiba, ufunguo wake na makasia, na uvue mahali unapoweza kuziona taa za Kibirizi, kwa maana mwezi wa Agosti kusi bado linavuma.